Sauti za Kamina Zikilegea

Wengine wenu mmerithi kwa wazazi gramofoni ya umeme pamoja na santuri chache za zamani, na kati yake labda ile ya Missa Luba, iliyoimbwa mwaka 1958 na wavulana wa Kamina na walimu wao, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Mnaiweka santuri, mnashusha sindano, na loo! watoto wanaimba Kyrie kwa sauti za wazee wenye mafua. Fundi asema mota imekufa, itupwe. Sisi twasema: ngojeni kwanza. Kuisikia Misa ile kwa mwendo wa uongo si kuisikia, lakini kuitupa mashine nzima bila kuitazama ni hasara kubwa zaidi.

Iacheni izunguke robo saa. Ikiwa sauti zapanda kidogo kidogo kadiri mota ipatavyo joto, basi haikufa; mafuta yake ndiyo yaliyoganda. Maana mhimili wa mota husimama ndani ya vikombe viwili vya shaba, ambavyo mafundi huviita bushi, na shaba hiyo ina vitundu vidogo sana vinavyofyonza mafuta na kuyatoa polepole. Baada ya miaka mingi mafuta yale huwa kama ulimbo, yakaushika mhimili.

Kwanza chomoeni waya ukutani; kuzima tu hakutoshi. Ondoeni sahani kubwa, kisha gurudumu la mpira, kisha fungueni mota. Kila kipande kitokacho kichorwe kwenye karatasi kwa zamu yake, hata pete nyembamba za chuma, kwani jioni hakuna akumbukaye ipi ilikuwa juu na ipi chini. Futeni mhimili na bushi kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Msikwaruze kwa msasa kamwe. Kisha tieni matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani, mkayaache usiku kucha yafyonzwe. Mawese yabaki jikoni: yataganda upesi kuliko yale mliyoyatoa. Grisi nayo ni nzito mno kwa bushi hizi.

Gurudumu la mpira lapanguswa kwa spiriti peke yake. Tone moja la mafuta hapo, nalo litateleza. Mkisha kurudisha mota, zungusheni mhimili kwa vidole. Ukisimama ghafula, bushi hazikunyoka: legezeni parafujo, gongeni taratibu, mkaze tena kidogo kidogo.

Sasa hesabu. Bandikeni kikaratasi ukingoni mwa sahani, santuri ikiwa juu yake na sindano imeshuka, kwa maana sindano nayo hupunguza mwendo. Mama ashike saa, mwanafunzi ahesabu. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mara 100 kwa dakika 3. Mkipata 97 au 98, mwendo ungali mzito; tazameni tena mpira. Lakini mkipata kama 83, msiongeze mafuta: yaelekea mashine ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, ambao hubadilika mara 60 kwa sekunde, na wetu ni mara 50. Hiyo yahitaji puli nyingine, iliyo nene zaidi, juu ya mhimili wa mota, nayo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza.