Shukrani za Desemba ni za Nani?

Desemba imeingia tena, na jamaa zetu wakaao Nairobi, Mombasa, Nakuru na kwingineko wameanza kuzihesabu siku. Si muda mrefu barabara ipandayo kutoka Embu kwa njia ya Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru itajaa magari, na nauli, kama ilivyo desturi yake, itapanda bila kumwuliza mtu. Afikaye salama ana jambo la kwanza la kushukuru. Daraja la Nithi halijasahauliwa: mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia pale, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Basi wewe uliye safarini usimhimize dereva, mbuzi hatakimbia.

Lakini habari za barabara si shauri langu la leo. Nataka kuuliza hivi: katika shukrani nyingi zitolewazo nyumbani mwezi huu, ni nani hasa ashukuriwaye?

Tazameni mambo yaendavyo. Mwana wa mjini ashuka garini na mkate, sukari, mafuta ya kupikia, na pengine blanketi la mama. Watoto wamkimbilia. Mbuzi achinjwa, mukimo wapondwa, siku ya Krismasi watu waenda kanisani na nguo mpya, na jioni mzee wa nyumba asimama kumshukuru Mungu, kisha amshukuru mwanawe “aliyetukumbuka.” Wote wapiga makofi. Huko jikoni mkaza mwana, aliyeamka saa kumi za alfajiri kuteka maji, ayasikia makofi hayo akiwa amepiga magoti mbele ya moto. Na huko nje karibu na zizi amesimama yule ndugu aliyemlisha mbuzi huyo tangu alipozaliwa. Jina lake halikutajwa.

Krismasi yenyewe si ya zamani sana kwetu. Wamisionari wa CMS walifika Kigari katika nchi ya Embu mwaka 1910. Wamethodisti wakaanza kazi Meru mwaka 1912. Na Daktari Archibald Irvine akaja Chogoria mwaka 1922. Shukrani ilikuwako kabla yao. Wazee walisimama chini ya mugumo, wakauelekea Mlima, ambao Wameru wauita Kirimaara, wakamwomba Ngai, au Murungu, na kumtolea shukrani. Na wanadamu nao walishukuriana, ila si kwa hotuba.

Hebu yapimeni maneno yenyewe. Mmeru akishukuru husema “ibwega,” Mwembu husema “ni wega,” na yote mawili maana yake ni kwamba jambo ni jema. Maneno hayo hulisifu jambo, lakini hayamtaji mtu. Aliyestahili shukrani alijulikana kwa kitu alichotiwa mkononi. Huko Igembe na Tigania kitita cha miraa kilichofungwa kwa uangalifu kilisema heshima kuliko maneno kumi. Katika nchi za Tharaka na Mbeere asali ya mizinga ilifanya kazi iyo hiyo. Na mbuzi alipochinjwa hakukatwa ovyo: wazee walikuwa na fungu lao, akina mama lao, vijana lao, na watoto wachungao pia hawakuachwa. Mafungu hayo hutofautiana ukoo na ukoo, na sithubutu kuandika hapa kwamba ubavu ni wa fulani na shingo ni ya fulani, nisije nikaletewa barua za kunisahihisha kutoka Maua mpaka Siakago. Ijapokuwa yalitofautiana, aliyekosa fungu lake alijua kuwa amesahauliwa, na waliokuwako walilijua pia.

Sisemi kwamba wazee wa zamani walikuwa malaika. Mizigo ya kuni ilikuwa mizito migongoni mwa mama zetu zamani kama ilivyo sasa. Nasema tu kwamba walikuwa na njia ya kuonyesha mbele ya watu kwamba kazi ya fulani imeonekana. Siku hizi nyama huchomwa, ikawekwa juu ya ubao mmoja, na mwenye meno mazuri ndiye apataye zaidi.

Nilisimuliwa habari za nyumba moja katika Imenti, nami sitaitaja. Ndugu ni wawili. Mkubwa ni karani Nairobi. Mdogo alibaki na wazazi, ng’ombe na kahawa. Kila Krismasi mkubwa alichinja mbuzi aliyelishwa na mdogo, na kila Krismasi alisifiwa kwa ukarimu wake. Mwaka mmoja mdogo akaondoka na mifugo alfajiri ya siku ile, akarudi usiku, asionje hata mchuzi. Mkubwa akasema, “Huyu ana wivu.” Mdogo hakujibu, lakini mwaka uliofuata alizikataa kazi za kahawa ya nduguye, na baada ya kahawa yakaja maneno ya mpaka wa shamba. Wasomaji wanajua maneno ya mpaka hufika wapi.

Aliyeyazuia alikuwa mama yao. Desemba iliyofuata, kabla nyama haijakatwa, alimwita mdogo asimame mbele ya wote, akamwambia, “Mwanangu, tueleze mwaka ulivyokuwa.” Naye akaeleza: siku alizolala hospitalini akimwuguza baba, ndama aliyekufa, deni la majani ya ng’ombe wakati wa kiangazi, na usiku ule mama alipougua na kukawa hakuna gari. Alisema kwa muda mrefu, kwa kuwa hajapata kuulizwa. Mkubwa alisikiliza, kisha akashika kisu, akakata mguu wa mbele wa mbuzi, akaupeleka kwa mikono miwili mpaka pale mdogo aliposimama. Hawakukumbatiana kama watu wa sinema. Naambiwa kwamba hata leo hawajakubaliana juu ya mpaka, ila sasa hubishana wakiwa wameketi penye meza moja.

Sasa nije kwa akina mama, maana hapa ndipo penye lawama kubwa. Katika sehemu za juu karibu na msitu nyumba nyingi hutegemea majani ya chai yapelekwayo katika viwanda kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Weru katika Tharaka Nithi, au Kinoro na Michimikuru upande wa Meru. Chai huchumwa mwaka mzima, katika mvua na baridi, na mchumaji aghalabu ni mama wa nyumba. Malipo makubwa ya mwaka, yaitwayo bonasi, huja kabla ya Desemba, na mara nyingi huingia katika hesabu ya benki ya mume, kwa kuwa namba ya mkulima imeandikwa kwa jina lake. Kwingine bonasi huliwa kabla ya kulala usiku mmoja. Krismasi ifikapo mama apewa leso, naye husema ahsante.

Leso ni kitu kizuri, wala simdharau anayeinunua. Lakini mume atoaye leso kutokana na fedha ambazo mkewe amezichuma kwa vidole vyake hajampa zawadi. Amemrudishia kipande kidogo cha jasho lake. Hata sheria ya nchi yalijua jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kwamba mchango wa mtu katika mali ya nyumba si fedha peke yake: kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba vyote vyahesabiwa. Ikiwa hakimu aweza kuihesabu kazi hiyo siku ya ugomvi, mume hashindwi kuihesabu siku ya amani. Na aketi na mkewe, aweke karatasi ya malipo mezani, waisome pamoja. Najua wanaume watakaonuna wakisoma haya, na wanune.

Liko pia jambo la simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, fedha hufika kijijini kabla mtumaji hajamaliza chai yake, na twashukuru, maana wagonjwa wengi wameokolewa kwa njia hiyo. Lakini wako watu ambao kwao shukrani yote imekuwa ujumbe wa simu. Wazazi waona tarakimu. Uso wa mtoto hawauoni mwaka wa tatu sasa. Nyanya asiyejua kusoma humwomba mjukuu amsomee, na mjukuu husoma kiasi, kisha huzima simu.

Wala tusiwasahau majirani wa nchi ya chini. Mbuzi wengi wachinjwao katika vijiji vya juu hutoka Tharaka na Mbeere, na nchi hizo ziliteseka sana mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022. Wazee wa Meru walikuwa na undugu wa gichiaro baina ya koo na koo, na mtu wa gichiaro hakunyimwa chakula wakati wa njaa. Anunuaye mbuzi sokoni mwezi huu asimpunje mwuzaji kwa sababu tu amwona ana haraka ya karo ya Januari.

Karo yenyewe imenikumbusha la mwisho. Wageni wengi huondoka mara tu mwaka mpya uingiapo, na hapo ndipo kazi izidipo nyumbani. Kahawa ya msimu mkubwa huwa haijaisha kuchumwa, na maharagwe yaliyopandwa kwa mvua za vuli yangoja kung’olewa Januari. Ukiwa na siku tatu zaidi za likizo, vua viatu vya mjini, mwulize ndugu yako shamba lipi laanza, na mpe mkaza mwana nafasi ya kwenda kwa mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa akimngoja Krismasi nzima. Na iwapo hamjachinja bado, mwulizeni kwanza aliyemlisha mbuzi ni yupi wa kuchinjwa na ni yupi wa kuachwa, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye yule mwenye mimba.