Kiongozi Asiyegusa Kete: Somo la Ualimu kutoka Katwe

Aghalabu tunapotaja uongozi wa mwalimu, fikra zetu huelekea kwenye sauti kubwa, amri na ukimya wa darasa. Maoni yetu ni kwamba mizani hiyo ina kasoro, na kwamba filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair na kutolewa mwaka 2016, yatupatia mizani iliyo bora.

Filamu hiyo imetokana na habari za kweli za Robert Katende, mwalimu wa timu ya watoto wachezao sataranji katika mtaa wa kimaskini wa Katwe, Kampala, na za mwanafunzi wake Phiona Mutesi, ambaye mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika mashindano ya sataranji mwalimu haruhusiwi kumnong'oneza mchezaji wala kugusa kete. Mchezo ukianza, mtoto yu peke yake mbele ya ubao. Kazi ya kiongozi sharti iwe imekwisha kabla. Je, si hivyo hivyo kwa mtoto aingiapo katika chumba cha mtihani, au akabidhiwapo kuuza nyanya za wazazi wake kando ya barabara kuu hapa Ilula?

Basi, Katende wa filamu hiyo anafanya nini? Kwanza, anawapa watoto uji, maana mwenye njaa hawezi kutuliza akili. Pili, Phiona anapochekwa na wenzake kwa sababu ya harufu yake, naye akapigana nao, hamfukuzi, bali anamkaribisha. Tatu, na hili ndilo kubwa, kazi ya kumfundisha anamwachia msichana mdogo kuliko Phiona. Ni mtoto huyo amwelezaye mgeni kwamba kete iliyo ndogo kuliko zote yaweza kuvuka ubao ikageuka malkia. Mwalimu angeweza kulisema hilo mwenyewe kwa dakika moja. Lakini kwa kunyamaza amewafundisha wawili: aelezaye huelewa zaidi, na aelezwaye haoni haya kuuliza.

Wako watakaosema kwamba Katende alikuwa na watoto wachache, ilhali madarasa yetu yamefurika. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ni katika darasa lililofurika hasa ambamo mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto, na ambamo mtoto aliyekwisha elewa ndiye msaada ulio karibu.

Jambo hili latuhusu sisi wakufunzi kwanza. Tumkaguapo mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, macho yetu humwandama yeye: amesema nini, ameandika nini ubaoni, ametumia zana gani. Mwanachuo naye hujifunza kutupendeza sisi. Lakini Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai mtoto mwenye akili ya kudadisi, na udadisi hauonekani kwa kumtazama mwalimu.

Twapendekeza, basi, kwamba katika kila somo likaguliwalo, mkufunzi atenge dakika 10 za kuwatazama wanafunzi peke yao. Ahesabu wangapi wameuliza swali, wangapi wamemweleza jirani, na wangapi wamesahihisha kosa lao kabla ya kuambiwa. Wakufunzi wenzetu wakijaribu hayo muhula ujao, walete waliyoyaona katika kurasa hizi, tupate kuyapima pamoja.