Majina ya wapita njia
Katika ramani za kikoloni, maporomoko ya mto Lufira pale Mwadingusha yaliitwa Cornet, na kituo cha umeme kilichojengwa hapo kikaitwa Francqui: majina ya Wabelgiji wawili waliopita Katanga katika msafara mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mgeni hulala siku mbili, jina lake likahamia moja kwa moja. Kabla yao, mpelelezi Mwingereza Samuel Baker na mwenzi wake Florence waliondoka Cairo mwaka 1861 wakiishi kama mume na mke, ingawa ndoa rasmi waliifunga Uingereza mwaka 1865. Homa iliwaandama wote wawili; karibu na mto Kafu, Florence alipigwa na jua akazimia kwa siku kadhaa. Machi 1864 walifika ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige, na Baker akalipa jina la Albert, mume wa malkia wake. Wapenzi wa leo wanaozunguka Asia kwa miezi, begi mgongoni, angalau wanajibebea; mizigo ya Baker ilibebwa na wapagazi ambao hata kijito kimoja hakikuitwa kwa jina lao. Mwaka 1973 Mobutu, rais wa Zaire, naye alilibandika ziwa hilo jina lake, lakini halikudumu.