Kusini hakuna kitu? Nani kasema?

Jamani, hivi mpaka lini tutaijua nchi yetu kwa vitabu walivyoandikiwa wazungu? Nimezunguka Masasi na Newala na kimojawapo mkobani. Serengeti kurasa kibao. Newala aya moja, tena ya mahali pa kulala. Halafu vijana wa Dar wanaitikia: kusini hakuna kitu!

Hakuna kitu? Masasi ina vilima vya mawe vimechomoza tu kwenye tambarare. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika hapo na watumwa walioachiwa huru, wakaanzisha kijiji. Mkapa kazaliwa Lupaso, na ndiko alikozikwa 2020. Newala, simama Shimo la Mungu: bonde la Ruvuma lote chini yako, ng'ambo Msumbiji.

Karl Weule, Mjerumani, alikaa Newala 1906, akadadisi mambo ya jando na unyago, akaandika kitabu. Zaidi ya miaka mia imepita! Sisi wenye lugha, na mabasi yapo, tunamsubiri nani? Vinyago vya Kimakonde tunavinunua Mwenge (tena kwa kubembeleza bei), kwao hatupajui. Anayetaka tuandike mwongozo wa Kiswahili anitafute. Sura ya Newala nimeshaianza.