Hisabati ya Nyumbani: Tusitangulize Pesa

Mama mmoja wa Bujora, ambaye binti yake anasomea nyumbani kama mtahiniwa wa kujitegemea, yu tayari kuuza ndama ili alipie programu ya hisabati mtandaoni. Tunamnasihi asubiri.

Kwanza, binti afanye mtihani wa NECTA wa mwaka uliopita, pengo lijulikane. Pili, mada za programu zilinganishwe na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, kwani nyingi hufuata madarasa ya Marekani. Tatu, waanze na isiyolipiwa, kama Khan Academy.

Kisha mama, hata kama hajui hesabu, akae kando na kusema: “Nieleze, mwanangu.” Akishindwa kueleza, hajaelewa, ndama abaki zizini. Wallahu a'lam.