Kigango si Sanamu

Si haki kukiita kila kilichochongwa ‘sanamu’. Kwa Wabudha, bodhisatva wa shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu si pambo. Ni taswira ya aliyeweka nadhiri ya kuwaokoa viumbe wote, na dhahabu yake ni ishara ya nuru. Vivyo hivyo, kigango cha Wagiriama ni makao ya koma ya mzee wa chama cha gohu. Hata Jego, huko Kwale, Wadigo huwaita wahenga wao koma. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kutoka Marekani. Huko vilikuwa vimepewa jina la ‘sanaa’, na jina hilo ndilo lililousitiri wizi. Basi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili walivalie njuga jambo hili: kitu kitajwe kwa jina walilokipa wenyewe.