Safari ya Mmoja: Mwanafunzi wa Bara Aingiapo Amu

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Methali hii hunukuliwa kila chama cha wanafunzi kinapoomba basi la kwenda Pwani, na aghalabu basi hilo hupatikana. Wanafunzi hamsini hupanda, huimba njia nzima, hulala pamoja, humsikiliza mwelekezi mmoja, kisha hurejea chuoni na picha tele. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: kati ya hao hamsini, ni wangapi waliozungumza na mwenyeji kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa? Kundi husafiri na lugha yake. Hubeba Sheng yake na mizaha yake, na likifika Pwani huyatandaza hayo ufuoni kama mkeka. Msafiri aliye peke yake hana mkeka. Akinyamaza, atalala na njaa.

Mathalani, yupo mwanafunzi wa mwaka wa nne, binti wa nyanda za juu za Bonde la Ufa, aliyefunga safari ya kwenda Lamu bila mwenzi. Alikuwa amepata alama za juu katika isimu na fasihi, na hivi karibuni alikuwa ametoka katika mazoezi ya kufundisha. Basi lilipita Malindi, Garsen na Witu, likamteremsha Mokowe, mahali ambapo barabara hukoma na bahari kuanza. Joto lenye unyevu lilimvaa mwilini kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Akiwa bado anashangaa, nahodha wa mashua akamwita: "Ndoo! Keti hapa tezini." Binti akainama kuitafuta ndoo.

Abiria walicheka, naye akacheka baadaye kidogo kuliko wao. Darasani alikuwa amefundishwa, na mtihanini akaeleza vyema, kwamba "nj" ya Kiswahili sanifu huwa "nd" katika Kiamu: njia ni ndia, njoo ni ndoo. Kanuni aliijua. Sikio lake ndilo lililokuwa halijaijua. Lau angekuwa na wenzake, mmoja wao angemnong'oneza maana, na aibu ile yenye faida ingempita.

Mashua ilipong'oa nanga, kijana mmoja alikuwa akiteka maji chini ya mbao kwa mtungi wa plastiki uliokatwa nusu. Binti akauliza mahali pale panaitwaje. Akajibiwa: "Ngama." Hapo ndipo methali aliyoikariri tangu kidato cha kwanza ilipomfungukia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: alikuwa akiifafanua kwa wepesi kuwa kila mtu hurudi kwao. Sasa aliiona ngama yenyewe, nyeusi, yenye maji ya chumvi yaliyochanganyika na mafuta ya injini, akatambua kuwa marejeo hayo hayana utamu wowote. Huenda ufafanuzi huo ni wa haraka mno. Hata hivyo, ni ufafanuzi wa mtu aliyeiona ngama.

Mji wenyewe ulimpokea kwa vichochoro vyembamba, punda waliobeba mawe ya matumbawe na mchanga, na milango iliyochongwa kwa ustadi. Mengi ya haya yameelezwa na wengi, hasa tangu mji wa kale wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hayahitaji kurudiwa hapa. Linalostahili kutajwa ni vidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyorembwa kwa chokaa, ambamo vyombo vya kaure vilipangwa. Asomaye Al-Inkishafi darasani huvipita vidaka hivyo kama msamiati mgumu wa kutafutiwa maana kamusini. Aliyesimama mbele ya ukuta wake, bila mwenzi wa kumharakisha, huelewa ni kitu gani hasa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikililia alipoyatazama magofu ya Pate.

Wapo wahadhiri watakaopinga kwamba taathira za siku ya kwanza ni povu tu, na kuwa utafiti wa nyanjani huhitaji miezi. Pingamizi hili lina uzito. Binti huyu, siku ile ya kwanza, aliandika daftarini kuwa watu wa Amu ni baridi: wazee walioketi barazani waliitikia salamu zake kisha wakanyamaza. Siku ya tatu, mama aliyempangisha chumba alimfahamisha kosa lake. Alikuwa akisalimu huku akipita. Salamu haikuwa imekwisha. Yeye ndiye aliyeikata kabla ya kuulizwa habari za atokako na za watu wa kwao. Basi aliyekuwa baridi ni nani? Kosa hilo halikufutwa daftarini, na ni vyema halikufutwa, kwa kuwa linafundisha kuhusu adabu ya mazungumzo kuliko sura nzima ya kitabu cha isimujamii. Kufikia siku ya nne "ndia" na "mato" hayakumshtua tena. Mshtuko usioandikwa siku ya kwanza haupatikani tena.

Kiswahili si kigeni kwa uandishi wa namna hii. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, ingawa kwa kuandamana na Mjerumani, na masimulizi yake yakachapishwa katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Ajabu ni kwamba zaidi ya karne moja baadaye, mwanafunzi wa Kiswahili akienda Pwani huandika ripoti kwa ajili ya alama, wala si safari kwa ajili ya msomaji.

Gharama ni kikwazo, na usalama pia. Hakuna aliyesahau mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata, na msichana aliye peke yake huulizwa "Umekuya na nani?" mara nyingi kuliko mvulana. Lakini ni huyo huyo msichana aliyekaribishwa uani, akakaa na wanawake waliokuwa wakikuna nazi, akasikia Kiswahili ambacho wenzake wa kiume hawatakisikia kamwe. Fedha za basi moja la chama zingetosha kuwapeleka wanafunzi kadhaa, kila mmoja mahali pake, kwa juma zima: mmoja Siyu, mwingine Vanga, mwingine Faza. Viongozi wa chama walifikirie jambo hili kabla ya kuagiza basi jingine.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na walimu wamekuwa wakisahihisha kwa kalamu nyekundu tangu hapo. Binti huyu naye alisahihisha. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake la safari pameandikwa neno moja, "ndia", na kando yake jina la mwanafunzi wa kidato cha pili, mtoto wa Pwani, aliyewahi kulikatia neno hilo.